Kiti cha Okestra na Chumba cha Kufundishia: Kisa cha Mwalimu wa Klarineti Chuo Kikuu

Kuhusu kisa hiki

Mhusika tutamwita Mwalimu N. Ameridhia kisa chake kiandikwe. Chuo, okestra, nchi na miaka vimeondolewa, na mambo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha yamebadilishwa. Nilipangwa kuwa mlezi wake wa kitaaluma kuanzia mwaka wa 3 wa ajira yake. Maamuzi ya baadaye niliyaona yakifanyika. Ya mwanzo nimeyapata kwenye jalada lake na katika mazungumzo yetu.

Katika fani yetu kuna jambo ambalo kila mtu hulisema kwenye usaili wa kazi na hakuna anayelihoji: kwamba mwalimu anayepiga jukwaani hufundisha vizuri zaidi, na anayefundisha hupiga vizuri zaidi, yaani kazi hizi mbili hulishana. Kwa Mwalimu N., kwa miaka 3 ya kwanza, zilikuwa zinalana. Kisa hiki kinaeleza kwa nini, na nini kilibadilika.

Usuli

Mwalimu N. aliajiriwa na idara ya muziki ya chuo kikuu cha wastani, kwa mkataba wa majaribio wa miaka 6 ambao mwisho wake ni ama ajira ya kudumu ama kuondoka. Tathmini ya kati hufanyika mwaka wa 3. Barua ya ajira iligawa kazi hivi: asilimia 40 kufundisha, 40 kazi za ubunifu (ambazo kwa mwanamuziki huchukua nafasi ya utafiti), na 20 huduma kwa chuo. Kwenye kipengele cha ubunifu barua ilimtaka awe na "jina linaloonekana nje ya chuo". Haikusema zaidi.

Alikuwa na shahada ya udaktari katika upigaji wa klarineti na alikuwa amesoma kwa walimu ambao wote walitoka kwenye okestra kubwa. Hili lina uzito katika kisa. Alifundishwa na watu wa okestra, kwa ajili ya okestra, na hakuwa na sababu ya kudhani kwamba kuna njia nyingine ya kufundisha ala hii.

Alikabidhiwa studio, yaani kundi la wanafunzi wake wa ala, la watu 14. Kati yao 9 walikuwa wanasomea ualimu wa muziki, yaani wangekwenda kuongoza bendi za shule. 3 walikuwa wanasomea upigaji. 2 walikuwa na masomo mengine na muziki ulikuwa wa ziada. Kila mmoja alistahili saa 1 kwa wiki ya ana kwa ana. Juu ya hapo kulikuwa na saa 1 ya darasa la pamoja, saa 2 za kusimamia vikundi vidogo, na saa 3 za somo ambalo kila mwalimu mpya wa ala za kupuliza hurithi kwa sababu wakongwe wamelikimbia: kuwafundisha walimu watarajiwa, wakiwemo wapiga fidla na waimbaji, kupuliza klarineti, filimbi, oboi na saksafoni kiasi cha kuweza kumwanzisha mtoto.

Jumla ni saa 20. Lakini kwenye jedwali la chuo saa 3 za studio (masomo ya ana kwa ana) zilihesabiwa kuwa saa 2 za darasani, na darasa la pamoja na vikundi vidogo havikuhesabiwa kabisa. Hivyo saa 14 za wanafunzi ziligeuka 9 na theluthi, ukijumlisha 3 za lile somo la ualimu unapata 12 na theluthi, na mzigo kamili ulikuwa 12. Kwenye karatasi Mwalimu N. alikuwa na kazi ya kawaida kabisa.

Miezi 4 baada ya kuanza kazi alishinda usaili wa okestra ya mkoa iliyokuwa umbali wa saa 2 kwa gari. Nafasi ilikuwa klarineti ya pili pamoja na klarineti ya besi. Mkuu wa idara alimpongeza mbele ya wote. Chuo kiliweka habari hiyo kwenye tangazo la kuvutia waombaji.

Miaka 2 ya kwanza

Okestra ilifanya kazi kwa wiki maalumu, 12 kwa msimu. Kila wiki ilikuwa na mazoezi 4 na onyesho 1, kila kimoja saa 2 na nusu. Hizo ni saa 12 na nusu za kupiga. Safari za kwenda na kurudi zilikuwa saa 4 kwa siku, mara 5, yaani saa 20. Hesabu hii haikufanywa na mtu yeyote hadi mwaka wa 3, na nilipomwomba Mwalimu N. aiandike kwenye karatasi alikaa kimya akiiangalia: alikuwa anaendesha gari zaidi kuliko anavyopiga klarineti.

Wiki za okestra zilipogongana na ratiba ya chuo, masomo ya wanafunzi yalisogezwa. Utaratibu wake ulikuwa wa uaminifu: hakumnyima mwanafunzi saa yake, ila alizirundika. Aliyekosa wiki hii angepata saa 2 mfululizo wiki ijayo. Tatizo ni kwamba midomo ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haina saa 2. Misuli inayoizunguka midomo ikishachoka, sauti hupwaya, hewa huvuja pembeni, na kinachofanyika baada ya hapo si mazoezi bali ni kujifunza tabia mbaya. Kwenye fomu za maoni mwanafunzi mmoja aliandika kwamba saa ya pili huwa "tunazungumza tu". Kwa hesabu ya saa mwanafunzi hakudhulumiwa. Kwa hesabu ya muziki alipata nusu.

Kuna jambo la pili ambalo halikuonekana kwa macho. Muda wa Mwalimu N. wa kufanya mazoezi yake binafsi uliingia wote kwenye sehemu za klarineti ya besi na ya pili: noti za chini zinazoshikilia upatanifu, kusikilizana na fagoti, kuhesabu mapumziko marefu na kuingia bila kukosea. Ni ufundi wa hali ya juu. Lakini wanafunzi wake 9 walikuwa na maswali mengine. Mtoto wa miaka 10 anatoaje sauti ya kwanza? Kwa nini anakwama anapotoka sauti za chini kwenda za kati?

Hili la mwisho ndilo lililomwumbua darasani, na linastahili kuelezwa. Filimbi, oboi na saksafoni ukiongeza msukumo wa hewa hupanda oktava, yaani hadi noti ya 8 ya skeli, na vidole hubaki karibu vilevile. Klarineti ni bomba la upana uleule lililofungwa upande mmoja, kwa hiyo haipandi oktava bali hupanda hadi noti ya 12 ya skeli. Matokeo yake ni kwamba kabla ya kuvuka mtoto ameshika ala karibu mikono mitupu, na noti inayofuata inamtaka azibe matundu yote kwa mara moja. Kidole kimoja kikivuja, ala inapiga kelele kama ya bata. Walimu watarajiwa walimwuliza Mwalimu N. humsaidiaje mtoto apite hapo. Jibu lake, kwa maneno yake mwenyewe, lilikuwa "afanye mazoezi". Yeye alivuka akiwa mdogo na hakukumbuka alivyovuka.

Kwa wanafunzi 3 wa upigaji alikuwa mwalimu bora kabisa. Aliwapa vipande vya usaili, vile ambavyo kila okestra huviomba: miondoko kutoka Simfonia ya 6 ya Beethoven, Scherzo ya Mendelssohn yenye noti za haraka zinazotamkwa kwa ulimi, na mwanzo wa koncheto (kazi ya mpigaji mmoja na okestra) ya Mozart. Aliwapigisha nyuma ya pazia ili wazoee kusikilizwa na watu wasiowaona. Shida ni kwamba wale 9 pia aliwafundisha hivyohivyo.

Tathmini ya mwaka wa 3

Kufikia hapo wanafunzi 14 walikuwa 9. Wawili walihama chuo, watatu walihitimu, na hakuna aliyeingia badala yao. Saa 9 za studio ni saa 6 kwenye jedwali, kwa hiyo mzigo ulipungua, na idara ikaujaza kwa somo la utangulizi wa muziki kwa wanafunzi wa fani nyingine: ukumbi wa watu 120, mitihani ya kusahihisha, na muda mdogo zaidi wa kwenda shuleni kutafuta wapulizaji wapya. Huu ni mtego ambao nimeuona kwa walimu wengine pia. Wanafunzi wakipungua unapewa kazi inayokuzuia kuwaongeza.

Kamati ilikuwa na mwanahistoria wa muziki, mwimbaji, mwalimu wa nadharia na mpiga piano. Kwenye jalada, kazi za ubunifu zilikuwa orodha ya programu za okestra, mistari mingi, kila mmoja ukitaja tarehe na jina la kiongozi wa okestra. Kamati haikujua iufanyeje. Mwanahistoria aliuliza swali ambalo lilimwumiza Mwalimu N. lakini lilikuwa la haki: katika programu hizi zote, ni uamuzi gani wa kisanii uliofanywa na mtu aliyeketi kiti cha pili? Kila mpulizaji anajua jibu lipo, kuanzia namna ya kusawazisha sauti hadi namna ya kupumua na jirani. Lakini hakuna mtu wa nje aliyewahi kuandika neno juu ya upigaji wake, kwa sababu mapitio ya maonyesho hayamtaji mpulizaji wa pili. Kazi ilikuwa ngumu na haikuwa na ushahidi.

Ripoti ilisema anaendelea, kwa onyo: studio ijengwe upya na kazi ya ubunifu ionyeshe sauti yake mwenyewe.

Wiki hiyohiyo okestra ilimpigia simu. Mpulizaji wa kwanza alikuwa anastaafu. Walimtaka Mwalimu N. akaimu kiti cha kwanza msimu mzima, kisha ajitokeze kwenye usaili pamoja na wengine.

Uamuzi

Wenzake walikuwa na methali tayari: mshika mawili moja humponyoka. Haikumsaidia, kwa sababu haikumwambia lipi aliachilie.

Njia zilikuwa 3. Ya kwanza, kuacha chuo na kufuata kiti cha kwanza. Ya pili, kushika vyote viwili kwa msimu mmoja na kuona. Ya tatu, kuomba likizo okestrani.

Njia ya kwanza ilikuwa na mvuto mkubwa, na sitaki kuidharau. Klarineti ya kwanza ndiyo nafasi ambayo mtu wa aina yake alilelewa kuitamani. Lakini kukaimu si kupata. Usaili ungefanyika nyuma ya pazia, na mtu aliyekaimu msimu mzima husikilizwa sawa na mgeni aliyeshuka kwenye ndege asubuhi ile. Ndiyo maana ya pazia. Okestra ile ililipa kwa kila zoezi na kila onyesho, bila bima ya afya wala pensheni. Na dole gumba la mkono wake wa kulia lilikuwa limeanza kuuma. Klarineti ya kawaida inakaribia robo tatu ya kilo, na sehemu kubwa ya uzito huo hutua kwenye dole hilo moja, chini ya kishikizo kidogo cha chuma.

Njia ya pili ndiyo aliyoipenda Mwalimu N. Tulibishana kwa muda mrefu. Mimi sikuwa na neno la kumshawishi; kilichomshawishi ni ile karatasi ya saa. Msimu wa kukaimu ungeongeza mazoezi binafsi, usingepunguza barabara hata kilomita moja, na ungeangukia mwaka ambao studio ilitakiwa kufufuka.

Alichagua ya tatu: likizo ya msimu mmoja, bila kujiuzulu. Sababu aliyoiandika kwenye barua yake kwa mkuu wa idara ilikuwa kwamba anataka muziki anaoufanyia mazoezi asubuhi uwe ndio muziki anaoufundisha mchana. Ni sentensi moja, na kwa maoni yangu ndiyo iliyobeba kila kilichofuata.

Mwaka wa 4 na wa 5

Alianzisha kikundi cha watu 3 pamoja na wenzake wa idara: klarineti, viola na piano. Uteuzi wa ala haukuwa wa kubahatisha. Mkusanyiko huu una kazi za kudumu, ikiwemo ile ya Mozart ya 1786 (K. 498 katika orodha ya kazi zake) na vipande 8 vya Bruch vya 1910, na vingi vyake mwanafunzi mzuri wa mwaka wa 3 anaweza kuvipiga. Walifanya mazoezi mara 2 kwa wiki ndani ya jengo, mlango ukiwa wazi. Barabara ikafutika. Wanafunzi walisikia kazi ikiwa bado mbichi, wakasikia walimu wao wakikosea, wakibishana juu ya kasi, wakirudia mstari mmoja hadi ukae.

Kikundi kilikwenda kwenye shule za sekondari. Huko Mwalimu N. alifanya kitu ambacho awali angekiona ni cha kushusha hadhi: baada ya onyesho fupi alikaa na wapulizaji wa bendi ya shule na kuwapangia ridi. Ridi ni kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotetema kwenye kipulizio, na watoto wengi huvumilia ridi iliyokufa kwa miezi wakidhani tatizo ni wao. Kubadilisha ridi na kurekebisha ilivyofungwa huweza kubadilisha sauti ya mtoto ndani ya dakika 2, mbele ya mwalimu wake. Sijui njia nyingine ya kupata waombaji iliyo ya haraka kuliko hiyo.

Lile somo la walimu watarajiwa aliligeuza kuwa maabara. Kila mwanafunzi alimfundisha mtoto mmoja wa kweli kwa muhula mzima, na kila wiki walirudi na swali moja. Mwalimu N. naye alianza kupuliza oboi mbele yao, vibaya, ili akumbuke mwanzo unavyokuwa. Swali la kuvuka noti 12 lilipata jibu: mtoto aanzie juu, vidole vyote vikiwa vimeziba, ateremke kuelekea chini, badala ya kupanda kutoka mikono mitupu. Si uvumbuzi wake. Walimu wa watoto wanalijua siku nyingi. Ila sasa alilijua na yeye.

Masomo ya saa 2 mfululizo aliyapiga marufuku. Likikosekana somo, lililipwa kwa vipindi 2 vya nusu saa.

Kwa upande wa ubunifu aliwaagiza watunzi 3 walio hai waandike kazi kwa ajili ya kikundi. Na hapa aliandika kwenye jalada maelezo mafupi ambayo nadhani yalifanya kazi kubwa kuliko onyesho lolote. Alionyesha kwamba hazina ya klarineti imetokana na uhusiano wa mpulizaji na mtunzi: Anton Stadler ndiye sababu ya kwinteti (kazi ya wapigaji 5) ya Mozart ya 1789 na koncheto ya 1791, Heinrich Baermann ndiye aliyeandikiwa koncheto za Weber za 1811, na Richard Mühlfeld ndiye aliyemrudisha Brahms mezani alipokuwa ameamua kupumzika, tukapata kwinteti ya 1891 na sonata 2 za 1894. Kuagiza kazi na kuitengeneza pamoja na mtunzi, alisema, ndio utafiti wa ala hii. Yule mwanahistoria aliyemwumiza mwaka wa 3 alikuwa wa kwanza kukubali.

Mambo hayakwenda sawa yote. Okestra haikuweza kusubiri zaidi ya msimu mmoja. Kiti cha pili kilitangazwa na kikachukuliwa. Mpiga viola alipata kazi kwingine katikati ya mwaka wa 5, na kikundi kikapoteza muhula mzima kikitafuta mwingine. Rekodi ya kazi mpya ilichelewa mno, na jalada lilipowasilishwa lilikuwa na barua ya kampuni ya kurekodi tu, si rekodi yenyewe. Katika ziara moja ya msimu wa baridi klarineti yake ya A (ile yenye sauti ya chini kidogo kuliko ya kawaida) ilipasuka sehemu ya juu. Ala hizi huchongwa kwa mpingo, na mpingo kwa ugumu wake wote haupendi pumzi ya moto ndani na hewa baridi nje kwa wakati mmoja. Fundi aliibana na ikarudi kazini, lakini gharama ilikuwa ya Mwalimu N., kwa kuwa ala ni mali yake, ingawa safari ilikuwa ya chuo.

Na dole gumba lilizidi kuuma. Hili hatukulitarajia. Tulidhani kupunguza kazi ya okestra kungelipumzisha. Kumbe okestrani mpulizaji wa pili hukaa mapumziko marefu, na klarineti ya besi husimama sakafuni kwa mguu wake wa chuma. Kwenye kikundi cha watu 3 unapiga karibu bila kuacha, na ala iko mikononi muda wote. Alibadilisha kishikizo, akaanza kutumia mkanda wa shingoni, na kupanga mazoezi kwa vipindi vifupi. Maumivu yalipungua bila kuisha.

Matokeo

Mwaka wa 6 watathmini wa nje waliandika barua. Wote walizungumzia kazi zilizoagizwa. Wawili walitaja video za masomo ya walimu watarajiwa, ambazo Mwalimu N. aliziweka kwenye jalada karibu kwa kusitasita. Ajira ya kudumu ilipitishwa. Studio ilikuwa imefika wanafunzi 13. Waombaji kadhaa walitoka kwenye shule ambazo wahitimu wake mwenyewe sasa wanaongoza bendi.

Mwanafunzi wake mwenye kipaji kikubwa zaidi aliondoka mwishoni mwa mwaka wa 5. Alitaka okestra, na alisema wazi kwamba anataka mwalimu ambaye bado anaketi ndani yake. Mwalimu N. alimwandikia barua ya mapendekezo na mwanafunzi akapokelewa kwingine. Okestra humwita Mwalimu N. kuziba nafasi wiki 2 au 3 kwa msimu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, si kuacha okestra. Wapo watakaosoma kisa hiki na kuhitimisha kwamba kiti cha okestra na kazi ya chuo haviendani. Sivyo. Kama studio ile ingekuwa na wanafunzi 9 wa upigaji na 3 wa ualimu, ningemshauri abaki kwenye kiti chake, hata kwa bei ya barabara, kwa sababu mwanafunzi anayejiandaa kwa usaili anahitaji mtu ambaye mikono yake bado inajua hofu ya nyuma ya pazia. Yule aliyeondoka alikuwa na hoja. Kilichobadilika ni kwamba kazi ya asubuhi na ya mchana zilianza kugusa matatizo yaleyale. Kabla ya hapo Mwalimu N. alikuwa na taaluma 2 zilizotumia ala moja.

Swali ambalo mwombaji wa kazi ya chuo anapaswa kuuliza kwanza, kabla ya mshahara, ni wanafunzi wangapi wanasomea nini. Mwalimu N. hakuuliza, na hakuna aliyemwambia. Barua ya ajira ilizungumza juu ya jina linaloonekana nje, naye akaenda kulitafuta mahali alipofundishwa kulitafuta.

Idara ina sehemu yake, na si ndogo. Ilishangilia kiti cha okestra ilipokihitaji kwenye matangazo, kisha ikakiona hakina uzito ilipofika tathmini. Kwa miaka 3 hakuna mtu mzima aliyeketi kwenye somo lake hata moja. Walisoma fomu za wanafunzi tu. Mlezi alipangwa baada ya onyo kutolewa. Na lile somo la ukumbi wa watu 120 lilikuwa uamuzi wa jedwali, si wa mtu aliyefikiri.

Kuhusu ushahidi, upigaji ni kazi inayotoweka ikishasikika, na kamati haitathmini kumbukumbu. Mpulizaji wa kikundi kidogo ana faida ambayo wa okestra hana: jina lake lipo kwenye programu, uamuzi wake unasikika, na mtu wa nje anaweza kuandika juu yake. Hiyo si haki kwa wapulizaji wa kiti cha pili duniani kote, lakini ndivyo majalada yanavyosomwa. Anayebaki okestrani aanze mapema: amwalike mtu wa fani aje amsikilize na kuandika, na atoe somo la wazi juu ya kazi ya kiti cha pili.

Likizo badala ya kujiuzulu ilikuwa busara, ingawa kiti kilipotea hatimaye. Ilimpa mwaka mmoja wa kuamua bila kufunga mlango, na ilimwacha kwenye uhusiano mzuri na okestra, ndiyo maana bado wanamwita.

Suala la dole gumba tulilishughulikia kwa kuchelewa. Mtaalamu wa mikono alipaswa kuonwa mwaka wa 2, maumivu yalipoanza, na mabadiliko ya aina ya upigaji yalipaswa kupimwa kwa dakika ambazo ala iko mikononi, si kwa idadi ya maonyesho. Kwa mpulizaji anayefikiria kuhama okestra kwenda vikundi vidogo, hilo ndilo ningelitanguliza.

Idara imerekebisha barua zake za ajira. Sasa zinataja mgawanyo wa wanafunzi wa studio na zinasema wazi kwamba kikundi kidogo na kazi zilizoagizwa ni ubunifu. Mlezi hupangwa mwaka wa 1. Gharama za ala zinazoharibika kwenye ziara za chuo zimewekewa fungu. Saa 3 za studio bado zinahesabiwa kuwa 2, na ombi la kubadilisha hilo limekaa kwenye ofisi ya kitivo tangu msimu uliopita.